Mafundi wetu wa video Mtwara mnawapa vyeti halafu mnawatelekeza!

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha.

Huku kusini mtindo ni ule ule. Mradi wa mafunzo unakuja, unakodi ukumbi Mtwara mjini, unaita vijana wanaoshika kamera kutoka Masasi, Newala, Tandahimba mpaka Lindi. Wanaoneshwa slaidi: aina za shoti, kanuni ya theluthi, mwangaza. Siku ya mwisho ni vyeti, posho na picha ya pamoja, wakufunzi wanawahi ndege ya Dar. Baada ya hapo hata simu hawapigi. Kijana anarudi kazini daftari limejaa, mikono mitupu, na hasara inabaki kwetu tunaofanya naye kazi.

Juzi mmoja wao alitumwa kurekodi wakulima kwenye mnada wa korosho. Akamsimamisha mzee mlangoni mwa ghala, jua lote liko mgongoni kwa mzee, kamera iko kwenye auto, inajipangia mwanga yenyewe. Uso umetoka mweusi tii. Sauti kaichukua kwa maiki ya kamera, na pembeni lori linapakia magunia huku linaunguruma. Mzee wa watu kaeleza kwa uchungu habari za makato na salfa, dawa ya mikorosho, iliyochelewa, tumefungua faili, tunasikia injini. Hedifoni zilikuwa kwenye begi! Na daftarini kaandika kwa mkono wake mwenyewe, "vaa hedifoni muda wote." Nimeliona hilo daftari.

Msiniambie ni uzembe. Pale mnadani watu wanakusukuma, betri inakata, mzee ana haraka. Nani atakumbuka kurasa za daftari? Alihitaji mtu wa kusimama naye amwambie, "Mgeuze mzee mwanga umpige usoni. Maiki shubiri moja chini ya kidevu. Vaa hedifoni, unasikia nini?" Asimamiwe hivyo kazi tatu nne, atazoea.

Au ile michirizi myeusi inayotembea ukutani kwenye video za harusi. Watu wanadhani kamera ni mbovu, wanaingia gharama ya kununua nyingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu na taa nyingi za LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera ikiachwa kwenye fremu (picha) 30 kwa sekunde na shata, yaani muda kila picha inapopokea mwanga, 1/60 ya sekunde, ambao ni mpangilio wa Marekani, haiendani na mpepeso huo. Weka fremu 25, shata 1/50, kwa kawaida michirizi inaondoka. Ni jambo la dakika mbili, ukioneshwa kwenye menyu ya kamera yako, chini ya taa zile zile unazofanyia kazi. Darasani walifundishiwa kamera ya mkufunzi, ambayo hakuna kijana hata mmoja huku anayeimiliki.

Nyie mnaoandika miradi, fupisheni darasa. Hela ya ukumbi mlipeni mkufunzi mmoja abaki huku, aongozane na fundi kwenye kazi zenyewe. Na asimpokonye kamera! Hili linaniuma kuliko yote, maana hata wale wakufunzi wachache waliowahi kutoka nje ya ukumbi, fundi akikosea kidogo tu, wanaichukua wanamalizia wao. Shoti inatoka nzuri, fundi katoka kapa. Mkufunzi aulize, asubiri, amwache kijana akosee kwenye shoti inayoweza kurudiwa. Jioni wakae waangalie picha ghafi zote, zikiwa hazijaguswa kwenye editing. Siku ya kwanza washughulike na sauti tu, mwanga una siku yake. Akisharudi Dar, fundi amtumie klipu WhatsApp, naye ajibu.

Wasimamizi wa miradi mpo humu na mnasoma. Minada bado inaendelea. Leteni mkufunzi mmoja, malazi na chakula tutagharamia sisi, na gari la Tandahimba tutapanda naye. Aliye tayari aniandikie ujumbe hapa hapa, nampa ratiba ya kazi za wiki ijayo.