Mjadala: Zumaridi ya mafuta na rubi ya kioo, ni kosa moja?

Hoja: Sokoni husemwa kwamba karibu kila kito kimeguswa na mkono wa mtu, kwa hiyo muuzaji halazimiki kutaja zumaridi iliyotiwa mafuta wala rubi iliyojazwa kioo. Wengine wanataka yote yaandikwe kwenye risiti. Nyie mko upande gani?

MKATAJI, ARUSHA
Yaandikwe. Lakini msiyapime mafuta na kioo kwa mzani mmoja. Zumaridi huzaliwa na nyufa. Ufa wenye hewa hung'aa kama kioo cha dirisha kilichopasuka, maana hewa hupindisha mwanga tofauti sana na jiwe. Zumaridi ina kipimo cha kupindisha mwanga cha takriban 1.58, hewa ni 1.00, mafuta ya mwerezi ni kama 1.51. Mafuta yakiingia, ufa unafifia machoni. Jiwe ni lilelile na mafuta yenyewe hayana uzito wa kuhesabika. Yakikauka, fundi anatia mengine.

Rubi ya kioo ni habari nyingine kabisa. Inaanza na korundumu (madini ambayo rubi ni aina yake nyekundu) hafifu, yenye nyufa nyingi na isiyopitisha mwanga. Inasafishwa kwa tindikali, kisha inachomwa pamoja na unga wa kioo chenye metali ya risasi mpaka kioo kiyeyuke na kujaza nyufa. Risasi ni nzito, na mnunuzi analipa kwa karati, yaani kwa uzito. Analipia kioo kwa bei ya rubi.

DALALI, MOROGORO
Kaka mkataji, unasahau mnunuzi wa kawaida. Rubi safi isiyochomwa wangapi wanaiweza? Rubi ya kioo inampa mtu pete nyekundu kwa pesa aliyonayo. Halafu kama kutaja ni lazima, tutaje na kuchoma. Rubi nyingi sokoni zimepita kwenye tanuru la nyuzi zaidi ya 1,000 ili kuondoa ubuluu na kuyeyusha utando wa ndani (sindano ndogondogo za madini zinazotia ukungu), na dunia nzima inazinunua. Mstari mnauchora wapi?

SONARA, MOMBASA
Mstari unauona mezani kwa fundi, ndugu yangu. Rubi iliyochomwa tu inabaki na ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, na haibadiliki ukiivaa. Ile ya kioo, mteja akileta pete ipunguzwe saizi, moto wa kulehemu unalainisha kioo, kinatoka kwa matone na uso unabaki na mashimo. Ukiitumbukiza kwenye tindikali ya kusafishia dhahabu, kioo kinaliwa. Hata maji ya limau yakikaa saa kadhaa yanaacha mistari myeupe juu ya nyufa. Lawama anabeba fundi, na aliyeuza hayupo.

Zumaridi nayo ina masharti yake. Usiiweke kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo wala kwenye mvuke: mafuta yanatoka, na ufa unaweza kuendelea mpaka jiwe ligawanyike. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na brashi laini vinatosha. Spiriti na asetoni weka mbali. Ukitengeneza pete, maliza kulehemu kwanza, jiwe lipandishwe mwisho, na kucha za pete zinazoshika jiwe zibanwe kidogokidogo. Ule mkato wa mstatili uliopunguzwa pembe ulipendwa kwa zumaridi kwa sababu pembe kali ndizo zinazomeguka kwanza.

MKATAJI, ARUSHA
Sonara amenena. Niongeze namna ya kuitambua. Chukua lenzi ya mara 10, mwanga uje kutoka ubavuni, geuza jiwe polepole. Kwenye rubi ya kioo utaona mmeto wa buluu au zambarau ukipita juu ya ufa, na viputo vya hewa vilivyobanwa. Angalia pia mng'ao wa uso: kioo ni laini kuliko korundumu, kwa hiyo mistari ya nyufa inaonekana imefifia. Mmeto hutokea pia kwenye zumaridi iliyojazwa gundi ya plastiki badala ya mafuta, nayo lazima itajwe kwa jina lake, maana gundi ikizeeka inageuka njano au nyeupe na kuitoa ni kazi.

Na wanaolinganisha bei ya karati kwa karati, waangalie kwanza uzito. Rubi ina densiti ya 4.00, zumaridi kama 2.72. Karati moja ya rubi ya duara ina upana wa karibu milimita 6, ya zumaridi inazidi hapo. Karati ni ileile, gramu 0.2, lakini kidoleni zumaridi inaonekana kubwa.

DALALI, MOROGORO
Hapo kwa kioo nimekubali: iandikwe "rubi iliyojazwa kioo", na iuzwe kwa kipande, isiuzwe kwa karati. Mafuta nayo yaandikwe, kidogo, wastani au mengi. Lakini kuchoma bado sikubali. Jiwe dogo la bei ndogo likilazimishwa cheti cha maabara kuthibitisha halikuchomwa, gharama ya cheti inaweza kuipita bei ya jiwe.

SONARA, MOMBASA
Cheti kiwe kwa mawe makubwa. Kwa hayo madogo, mzee wangu, andika "imechomwa" kila usipokuwa na uhakika. Neno moja kwenye risiti halihitaji maabara.