Mama ana mawe kwenye nyongo: matundu au kupasua?

Kijana wa Mikindani: Shikamooni wakubwa. Mama kakutwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, daktari anasema utolewe. Tuchague upasuaji wa matundu (vitundu vidogo tumboni na kamera) au wa kupasua tumbo? Jumatatu wanataka jibu.

Binti Newala: Umri? Ana presha, sukari? Mawe yako mfukoni tu au yameshuka kwenye mrija wa nyongo?

Kijana wa Mikindani: Miaka 78. Presha anayo. Altrasaundi inaonyesha yako mfukoni.

Nesi Mstaafu, Lindi: Marahaba mwanangu. Mimi nasimama na matundu. Mzee akikatwa chini ya mbavu anaogopa kuvuta pumzi na kukohoa, makohozi yanalala kifuani, nimonia inaingia. Kwa matundu wengi wanaruhusiwa baada ya siku moja au mbili. Ila tumbo hujazwa gesi ya kabonidioksidi, na mgandamizo ule unaulemea moyo. Moyo upimwe kwanza.

Fundi Masasi: Mama mkwe wangu aliingia kwa matundu. Sisi nje tunasubiri, saa zinakwenda, hakuna wa kutueleza. Katoka na bandeji ndefu ubavuni. Kumbe nyongo ilikuwa imevimba na kushikana na utumbo, wakaamua kupasua. Akikohoa anakumbatia mto, machozi yanamtoka. Hasira zetu si kupasuliwa, ni kutoambiwa mapema.

Nesi Mstaafu, Lindi: Kugeuza katikati ni usalama, Fundi. Daktari anayeng'ang'ania matundu huku haoni vizuri anaweza kukata mrija wa nyongo. Lakini ndugu waambiwe kabla ya kusaini, hapo sikupingi.

Mzee wa Korosho: Mpeni mafuta ya zeituni na ndimu usiku. Jirani yangu mawe yalitoka ya kijani, nimeyaona.

Binti Newala: Babu, samahani, yale ni mafuta yaliyoganda tumboni. Altrasaundi ikirudiwa mawe utayakuta palepale.

Mzee wa Korosho: Na mkiamua kumpeleka Dar kwa upasuaji, zaidi ya kilomita 500 ndani ya basi na kidonda, mmefikiria kurudi?

Kijana wa Mikindani: Ndilo linalotugombanisha. Kaka anataka hospitali ya Ndanda, huku huku Mtwara, dada anataka Dar, mama akae kwake. Halafu kwenye dawa zake nimekuta na aspirini.

Nesi Mstaafu, Lindi: Hiyo inazuia damu kuganda, daktari aijue leo, usisubiri Jumatatu. Wala usimwachishe mwenyewe. Nani kamwandikia, na ya nini?