Myahudi kwa uraia, si Myahudi kwa ndoa: inakuwaje?

Mdadisi: Wakuu, naomba ufafanuzi. Israeli inampa mtu uraia kwa Sheria ya Kurejea (inayowapa Wayahudi haki ya kuhamia huko), halafu huyohuyo akienda kufunga ndoa anaambiwa si Myahudi. Nani anaamua, na kwa vigezo gani?

Kitasa: Mkuu, waamuzi ni wawili na kila mmoja ana kitabu chake. Serikali inafuata Sheria ya Kurejea ya 1950. Mwanzoni haikusema Myahudi ni nani. Tafsiri iliingizwa 1970: aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia dini hiyo, mradi hayumo katika dini nyingine. Ila marekebisho hayohayo yakafungua mlango mpana zaidi: mtoto na mjukuu wa Myahudi, pamoja na wake au waume zao, wanapata uraia hata kama wenyewe hawaingii kwenye tafsiri hiyo.

Ndoa ni ya marabi, viongozi wa dini ya Kiyahudi. Ni urithi wa Waosmani, Waturuki waliotawala huko zamani: kila jamii ya dini na mahakama yake (Waislamu wa huko nao wana mahakama za sharia), na sheria ya 1953 ikawakabidhi marabi ndoa na talaka za Wayahudi. Wao wanafuata halaka, sheria ya dini: wanatazama mama tu. Baba akiwa Myahudi na mama si Myahudi, mtoto kwao si Myahudi, hata awe amelitumikia jeshi la nchi.

Nyaraka: Hapo ndipo waliponasa wengi waliotoka Urusi. Pasipoti ya ndani ya Kisovyeti (kitambulisho cha raia), iliyoanza 1932, ilikuwa na safu ya kuandika taifa la mtu, yaani asili yake. "Myahudi" pale alikuwa kama Mrusi au Mgeorgia, dini haikuulizwa. Mwenye wazazi wa mataifa mawili alichagua moja akifika miaka 16. Aliyechagua la baba alibanwa kama Myahudi miaka yote, kisha akafika Tel Aviv na kuambiwa siye.

Anayetaka kuandikisha ndoa kwa marabi aanze mapema kukusanya cheti cha kuzaliwa cha mama, cha bibi mzaa mama, na ketuba (mkataba wa ndoa) ya wazazi. Ketuba ndiyo inayokosekana zaidi, maana Wasovyeti wengi walioana serikalini tu. Vyeti vya zamani vina uzito kuliko vilivyotolewa upya, kwa sababu marabi wanahofia vya kughushi.

Ikishindikana, watu huoana nje, hasa Cyprus. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Israeli katika kesi ya Funk-Schlesinger ya 1963, daftari la wakazi linalazimika kuiandika ndoa hiyo. Mtego uko kwenye kuachana: wakiwa wote wawili Wayahudi, talaka inawarudisha kwa marabi walewale.

Mdadisi: Asante. Kwa hiyo marabi ndio wakali siku zote?

Kitasa: Hapana, na hili wengi hawalijui. Oswald Rufeisen, Myahudi wa Poland aliyewaokoa watu wa gheto la Mir (mtaa walikofungiwa Wayahudi) wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alibatizwa na kuwa mtawa wa Kikatoliki wa shirika la Wakarmeli, Ndugu Daniel. Akaomba uraia kama Myahudi. Kwa halaka alibaki Myahudi, maana mama yake alikuwa Myahudi. Mahakama ya Juu, 1962, ikamkatalia: neno lililomo kwenye sheria ya nchi lisomwe kama mwananchi wa kawaida anavyolielewa, na kwake Mkristo si Myahudi. Baadaye akapata uraia kwa njia ya kawaida ya wageni. Sharti la "mradi hayumo katika dini nyingine" lina mkono wa kesi hiyo.

Nyaraka: Niongeze kesi ya Shalit, afisa wa jeshi la majini ambaye mkewe hakuwa Myahudi. Januari 1970 mahakama iliamua, majaji 5 kwa 4, watoto wake waandikwe Wayahudi kwa taifa. Bunge lilibadili sheria Machi mwaka huohuo, ndiyo ile tafsiri ya 1970. Na mvutano haujaisha: Machi 2021 mahakama ilikubali, kwa ajili ya uraia, walioingia Uyahudi ndani ya Israeli kupitia madhehebu ya Kiyahudi ya Mageuzi na ya Kihafidhina. Kwa ndoa, marabi wa serikali bado hawawatambui.