Eti "macho si unayo mawili?" Huyu bosi wa karakana mnamjua

Wakuu, naandika mikono inanitetemeka. Yule bosi wa mageti hapa Tanga, mnamjua, kaniambia asubuhi hii mbele ya vijana wote na mama ntilie: "Unaogopa nini, macho si unayo mawili?"

Macho mawili!

Grenda ndogo, ile mashine ya mkono ya kukatia chuma, ya inchi nne na nusu, kava kaling'oa mwenyewe ili jiwe la kukatia la inchi tisa lienee. Jiwe limeandikwa lisizidi mizunguko 6,600 kwa dakika. Grenda ile inakimbia 11,000! Nimemwonesha maandishi kwa kidole, nikamwonesha na ukingo uliomeguka. Kalichukua, kalipuliza vumbi, kanirudishia. "Macho si unayo mawili?" Jiwe hilo likipasuka halipigi hodi, linaingia shavuni linatokea Pemba!

Miwani ya kazi ipo moja karakana nzima, anaivaa yeye kichwani akienda kununua chapati. Swichi ya grenda imekufa, ukichomeka waya tu imeanza kuruka kama kambale. Sheria ya usalama na afya kazini ipo tangu 2003! Nina watoto watatu, naambiwa macho mawili!

Mkonge_Mkavu: Pole mkuu. Mimi alinipandisha ngazi iliyofungwa kamba ya katani. Nikahama.

Binti_Ngamiani: Povu lote hilo! Ulikataa au ulikata geti? Sema ukweli.

Mwanzisha uzi: Nilikataa, dada. Kampa dogo wa miaka kumi na tisa. Dogo kakata huku kafumba macho. Hayo ndiyo macho mawili aliyoyataka!

Fundi_Korona: Kaka, grenda kitu gani? Njoo kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge. Mkanda hauna wavu, na msimamizi anataka nyuzi zilizokwama zitolewe mashine ikizunguka. Mimi nazima, nang'oa fyuzi, natia mfukoni, ndipo naingiza mkono. Naitwa mvivu.

Mama_Debe: Mashine ya unga huku Makorora mkanda uko wazi vilevile. Juzi umenyakua kanga ya mteja, mwenye mashine anauliza mkanda nani atalipa.

Binti_Ngamiani: Ngoja, hiyo ya mlango wa bluu? Hao wamenipunja unga kilo nzima!

Mkonge_Mkavu: Na mimi! Nilipeleka mahindi debe, nimerudi na mfuko wa rambo.

Mama_Debe: Mizani yao ina jiwe chini, nimeliona kwa macho yangu.

Binti_Ngamiani: Jumamosi twendeni wote, kila mtu na mizani yake.