Yankees wataendelea kumlea Aaron Boone mpaka lini?

Wakuu, wakubwa shikamooni, na rika zangu salaam. Nafahamu kwamba wengi wetu ni watu wa soka, na besiboli mnaiona kama mchezo wa wanaume waliosimama uwanjani saa tatu wakitafuna mbegu za alizeti, lakini wapo ndugu zetu wanaoishi New Jersey, New York na Boston ambao wataelewa uchungu ninaoueleza hapa. Nimeifuata New York Yankees tangu msimu wa 1998, ule ambao timu ilishinda mechi 114 na kuifagia San Diego nne bila katika World Series, yaani fainali ya ligi, kwa hiyo siandiki kama mtu aliyenunua kofia jana. Nimewashuhudia mameneja watatu: Joe Torre, Joe Girardi na huyu Aaron Boone. Wawili wa kwanza walinikasirisha mara kwa mara, kama meneja yeyote anavyomkasirisha shabiki, ila huyu wa tatu amenifikisha mahali ambapo siwezi tena kunyamaza.

Lalamiko langu ni hili. Boone anaingia katika mechi za Oktoba akiwa ameshaamua mambo yake kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, na yale yanayotokea mbele ya macho yake hayambadilishi. Wachezaji nao wamejifunza kutoka kwake kwamba hakuna kosa lenye gharama. Kisha, badala ya kuulizwa, anaongezewa mkataba.

Kwa wasioufuata mchezo huu niseme machache. Meneja wa besiboli hashindi pembeni mwa uwanja akiwapigia kelele wachezaji kama kocha wa soka; kazi yake kubwa wakati mechi inaendelea ni kuamua mrushaji gani aendelee kurusha, yupi atolewe, na nani aingie mahali pake, huku akijua kwamba anayetolewa harudi tena katika mechi hiyo. Mechi kwa kawaida ina iningi tisa, na katika kila iningi timu hupiga mpaka watu wake watatu watolewe, yaani auti tatu; pointi hupatikana mtu akizunguka besi zote hadi nyumbani, na homurani ni pigo linalotoka nje ya uwanja na kuwarudisha nyumbani mpigaji na wote walioko kwenye besi. Msimu wa kawaida una mechi 162, kwa hiyo kosa la mwezi Mei huzama bila mtu kulikumbuka. Oktoba ni mwezi wa mtoano, na uamuzi mmoja mbaya huweza kuufuta mwaka mzima.

Tuanze na tarehe 6 Oktoba 2020, mechi ya pili ya mfululizo wa mechi tano dhidi ya Tampa Bay, wakati Yankees walikuwa wameshashinda ya kwanza. Boone alimwanzisha kijana wa miaka 21, Deivi García, kwa iningi moja tu, kisha akamwingiza mkongwe J.A. Happ. Hila ilikuwa kuwafanya Tampa Bay wapange wapigaji wa kumkabili García anayerusha kwa mkono wa kulia, halafu ghafla waletewe Happ wa mkono wa kushoto, maana mpigaji kwa kawaida hupata shida zaidi kwa mrushaji wa mkono ule ule anaopigia yeye. Ujanja huo waliufanyia watu ambao wao wenyewe ndio walioueneza katika ligi! Happ alipigwa homurani mbili, mechi ikaisha 7-5, na mfululizo mzima ukapotea katika mechi ya tano.

Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Oktoba 2022, tulikuwa Cleveland tukiongoza 5-3 tukiingia iningi ya tisa. Clay Holmes, mrushaji aliyekuwa akiingia mwishoni kulinda ushindi wetu sehemu kubwa ya msimu ule, alibaki amekaa. Cleveland wakazipata besi moja baada ya nyingine, na Oscar Gonzalez akampiga mrushaji wetu Clarke Schmidt mpira ulioingiza pointi mbili na kumaliza mechi 6-5. Baada ya mechi Holmes aliwaambia waandishi kwamba alikuwa tayari kurusha, na Boone akasema alikuwa amemweka kwa dharura tu. Sasa ninauliza kwa utulivu kabisa: iningi ya tisa, Oktoba, mpinzani ana watu kwenye besi na uongozi wako unayeyuka, kama hiyo si dharura, dharura ni kitu gani?

Mfululizo ule tuliuokoa, kisha Houston wakatufagia nne bila, na suala la Holmes likafunikwa. Huu ndio mtindo wa klabu hii siku hizi, funika kombe mwanaharamu apite.

Usiku ambao mimi sitausamehe ni wa tarehe 25 Oktoba 2024, mechi ya kwanza ya World Series kule Los Angeles. Yankees walikuwa wamefika hatua hiyo kwa mara ya kwanza tangu 2009, na iningi ya kumi ilipokuwa inafungwa tuliongoza 3-2. Dodgers walikuwa na watu wawili kwenye besi, auti moja, na aliyefuata kupiga alikuwa Shohei Ohtani, anayepiga kwa mkono wa kushoto. Boone alikuwa na warushaji wawili wa kushoto waliokuwa wakijipasha moto. Mmoja ni Tim Hill, ambaye alikuwa ametumika mwezi ule wote na kufanya kazi yake vizuri. Mwingine ni Nestor Cortes, ambaye hakuwa amerusha katika mechi yoyote tangu tarehe 18 Septemba kwa sababu ya jeraha la mkono. Boone akamwita Cortes.

Ni kweli, na haki isemwe, kwamba Cortes alimtoa Ohtani kwa mpira wake wa kwanza kabisa, pale mlinzi wetu Alex Verdugo alipoudaka na kutumbukia upande wa pili wa ukuta wa mashabiki. Kwa kuwa Verdugo alianguka nje ya uwanja, waliokuwa kwenye besi walisogea mbele. Mookie Betts akapewa besi kwa makusudi, besi zote zikajaa, akaja Freddie Freeman akichechemea kwa kifundo cha mguu kilichoteguka. Mpira mmoja tu, na ukaenda jukwaani upande wa kulia. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya World Series mechi kumalizwa kwa homurani ya namna hiyo, ya besi zote zilizojaa. 6-3. Cortes simlaumu hata chembe, kwa sababu mchezaji anayeitwa hawezi kukataa. Wa kulaumiwa ni aliyemchukua mtu aliyekaa zaidi ya mwezi bila mechi na kumtupa katika dakika ngumu kuliko zote za mwaka, huku aliyekuwa na joto la mashindano akiwa amesimama tayari kando yake.

Watetezi wake huja na hoja ile ile kila mara: Boone hatungi maamuzi haya peke yake, yanatoka ofisini kwa Brian Cashman, ambaye ni meneja mkuu, yaani msajili wa wachezaji, tangu 1998, na kwa wataalamu wake wa takwimu. Huenda ni hivyo. Lakini hoja hiyo haimwokoi, inamzamisha zaidi, maana kama kazi yake ni kusoma alichoandikiwa basi hatuhitaji meneja, tunahitaji karani. Mimi sina ugomvi na takwimu. Takwimu hukueleza nini hutokea mara nyingi, na meneja analipwa kwa sababu kuna usiku ambao mtu aliye mbele yako si yule wa kwenye jedwali.

Ushahidi uko katika siku tatu za mwaka 2025 dhidi ya Boston. Tarehe 30 Septemba, mrushaji wetu Max Fried alirusha iningi sita na auti moja bila kuruhusu pointi, akatolewa baada ya mipira 102 tukiongoza 1-0. Sitasema kwamba mipira 102 ni michache. Aliyeingia ni Luke Weaver, ambaye Septemba yake ilikuwa ya mashaka, na hakupata auti hata moja: alimpa mtu besi ya bure kwa kurusha mipira minne mibaya, akapigwa, kisha Masataka Yoshida akaingiza pointi mbili. Tulifungwa 3-1. Upande wa pili Alex Cora, meneja wa Boston wakati ule, alimwacha mrushaji wake Garrett Crochet arushe mipira 117, kwa sababu aliyaona yale ambayo sisi sote tuliyaona, kwamba hakuna aliyekuwa akimgusa.

Usiku huo huo Boone aliwaweka benchi Jazz Chisholm na Ben Rice kwa kuwa Crochet ni wa mkono wa kushoto na wao hupiga kwa kushoto. Chisholm alikuwa ametoka kumaliza msimu akiwa na homurani 31 na besi 31 za kuiba, yaani za kukimbilia bila kusubiri pigo la mwenzake! Kesho yake waliporudishwa, Rice alipiga homurani katika mpira wa kwanza aliorushiwa, na Chisholm akakimbia kutoka besi ya kwanza hadi nyumbani kwa pigo la kawaida la Austin Wells na kutupatia ushindi wa 4-3. Halafu katika mechi ya tatu Boone alimwacha kijana Cam Schlittler arushe iningi nane nzima, akawatoa watu 12 kwa straiki tatu, bila wao kuupiga mpira, na bila kumpa yeyote besi ya bure, tukashinda 4-0. Kwa hiyo macho anayo. Akitaka kutazama mchezo, anatazama. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko kama angekuwa hajui.

Nije kwa wachezaji, maana nao wasidhani wamepona. Mechi ya tano ya World Series ya 2024 ilichezwa nyumbani, Bronx, tarehe 30 Oktoba, na tuliongoza 5-0 huku mrushaji wetu Gerrit Cole akiwa hajaruhusu pigo hata moja kwa iningi nne. Iningi ya tano ikaingia. Aaron Judge aliuangusha mpira mwepesi ambao angeudaka akiwa amelala. Anthony Volpe aliutupa vibaya mpira kuelekea besi ya tatu. Cole akajitahidi, akawatoa Gavin Lux na Ohtani kwa straiki, akabakiwa na auti moja tu, na Betts akapiga mpira dhaifu kwa Anthony Rizzo kwenye besi ya kwanza. Cole, mwenye mkataba wa dola milioni 324, alisimama akionyesha kidole badala ya kukimbia kuilinda besi. Mrushaji kukimbilia besi ya kwanza mpira unapokwenda upande ule ni jambo ambalo watoto wa shule hufundishwa kila mwaka mwanzo wa mazoezi. Pointi tano ziliingia, zote kutokana na uzembe wetu, na mechi ikaisha 7-6, Dodgers wakasherehekea ubingwa katika uwanja wetu.

Uzembe huo haukuanza usiku ule. Agosti ya mwaka huo Boone alimtoa Gleyber Torres katikati ya mechi kwa kutokimbia baada ya kupiga, nikasema moyoni, hatimaye. Lakini ilikuwa mara moja, na mambo yakarudi kuwa yale yale. Agosti 2025 huko Miami Chisholm alinaswa mbali na besi ya kwanza kwa mpira uliopaa tu na kudakwa na mlinzi wa besi ya pili kabla hajarudi, na akaendelea kucheza kama kwamba hakuna lililotokea. Volpe alimaliza msimu huo akiwa na makosa 19, na muda wote Boone alituambia kwamba kijana yuko sawa, kumbe bega lake lilikuwa limechanika tangu Mei na likaja kufanyiwa upasuaji Oktoba. Mashabiki walimzomea mtoto wa watu aliyekuwa akicheza na bega bovu, na aliyempanga kila siku hakuzomewa.

Kuhusu Judge nitasema kwa uangalifu, kwa sababu ni mpigaji bora kuliko wote niliowaona wakivaa jezi hii. Oktoba ya 2024 wastani wake wa mapigo wa .184, yaani chini ya mapigo mawili kwa kila majaribio kumi, ulituumiza, lakini ile ya 2025 alipiga .500, na homurani yake iliyogonga nguzo dhidi ya Toronto ilitufufua kutoka kuwa nyuma 6-1 hadi kushinda 9-6. Toronto walitutoa siku iliyofuata. Miaka bora ya mtu huyu inateketea hivi hivi.

Wazee wa Bronx hupenda kukumbusha kwamba mwaka 1977 Billy Martin alimtoa Reggie Jackson uwanjani katikati ya iningi, kule Boston, mbele ya kamera, kwa kuufuata mpira kivivu. Nusura wapigane. Mwaka huo huo Jackson alipiga homurani tatu katika mechi ya mwisho ya World Series na Yankees wakawa mabingwa. Simtaki Martin mwingine, mtu aliyefukuzwa na kurudishwa mara nyingi kiasi kile hawezi kuwa mfano wa utulivu, lakini kati ya ngumi na kubembeleza kuna nafasi kubwa sana.

Nitaambiwa kwamba Boone alishinda mechi 100 mwaka 2018 na 103 mwaka 2019, na kwamba hakuna meneja aliyewahi kuanza kazi kwa misimu miwili ya namna hiyo. Sawa. Girardi alituletea ubingwa wa 2009, akaifikisha timu mechi moja tu kabla ya World Series mwaka 2017, na akaachwa. Boone alichukuliwa kutoka kwenye kipaza sauti cha televisheni bila kuwahi kuongoza timu yoyote, hajaleta ubingwa wowote, na Februari 2025, miezi michache baada ya iningi ile ya tano, akaongezewa mkataba hadi 2027.

Mcheza kwao hutunzwa, na huyu anatunzwa kwa sababu ya homurani yake ya Oktoba 2003, alipokuwa mchezaji wetu, iliyowatoa Boston. Lakini homurani ile ilipatikana kwa sababu Grady Little, meneja wa Boston, alishindwa kuona kwamba mrushaji wake Pedro Martínez amechoka, akamwacha katika iningi ya nane mpaka uongozi wa 5-2 ukayeyuka. Boston hawakusubiri, hata Oktoba ile haijaisha, Little alikuwa hana kazi. Usiku mmoja tu ulimtosha.

Kwa hiyo anayetaka kumtetea Boone katika uzi huu anakaribishwa, na nitamjibu kwa heshima, ila aanze kwa kunieleza kwa nini Tim Hill alibaki amesimama kule kwa warushaji wa akiba wakati Cortes anafunguliwa mlango.