Naomba ushauri: darubini ya mota inayojitafutia nyota

Wakuu habari za saa hizi, niko Dodoma, huku nje ya mji giza lipo la kutosha, sasa nataka darubini yangu ya kwanza na nimeipenda Celestron NexStar 130SLT, kioo chenye upana wa milimita 130, unailenga kwenye nyota tatu zinazong'aa, hata kama huzijui majina, halafu yenyewe inajipanga na kukupeleka hadi sayari ya Zohali. Ila inakula betri ndogo nane, na jamaa yangu ananiambia achana na mota, chukua Dobsonian (darubini rahisi inayokaa kwenye kitako chake) ya inchi 6, yaani kama milimita 150, ya kusukuma kwa mkono maana kioo ni kikubwa zaidi. Mimi hata Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, naitafuta kwa app 😅 Waliotumia, mnanishauri ipi? Na umeme mnatumia pawabenki au betri ya pikipiki?