Jumamosi ya masoko mawili: Darajani na Msalato

Kikundi: UKOO WA IPAGALA
Jumamosi, mwisho wa Agosti

Rehema: Assalaam alaykum wapendwa. Shikamooni wakubwa wote. Mimi na Salum tumeshaingia sokoni Darajani, huku Unguja, jua ndiyo kwanza linapanda. Kila mwenye haja yake aitaje sasa hivi, maana nikishazama kwenye vichochoro vya viungo sitaishika simu tena.

Mama: Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu. Umeshakunywa chai?

Rehema: Bado Mama. Salum amesema samaki kwanza, chai baadaye. Mnada hautusubiri.

Shangazi Mwanaidi: Na mimi huku Dodoma niko kwenye daladala naelekea mnada wa Msalato kumtafuta mbuzi wa akika, wa kuchinjwa kwa ajili ya mtoto wetu mchanga. Njia nzima ni magari ya mifugo. Tutumiane habari, leo ukoo uko kwenye masoko mawili kwa mpigo.

Iddi: Shangazi shikamoo. Allah akulipe kheri. Binti ni mmoja na mbuzi ni mmoja, ila awe mzima kabisa, asiwe na kilema wala ugonjwa, na awe ametimiza mwaka.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba baba. Nitamfungua mdomo nimtazame meno, simwamini dalali kwa maneno.

Mjomba Ramadhani: Rehema, kabla hujanunua chochote nitazamie zabibu. Ziko sokoni? Zimetoka wapi? Zinauzwa bei gani na ziko katika hali gani? Hombolo msimu umeiva, madalali wanaokuja shambani wananipa bei ya kunisikitisha.

Rehema: Nimekusikia Mjomba. Nikitoka kwenye samaki naanza na la kwako.

Rehema: Jamani, ngoja niwaeleze huu mnada, hata sijui nianzie wapi. Ukumbi umejaa, sakafu imelowa, unatembea umeshika gauni. Dalali kasimama, mbele yake jodari wamepangwa kama magogo, wengine siwezi hata kuwakumbatia. Anamgusa mmoja, anataja bei ya kuanzia, halafu sauti yake haikatiki tena. Elfu kwa elfu inapanda. Nikawa natafuta nani anajibu, sioni! Kumbe mmoja anainua kidole, mwingine anatikisa kichwa, mama mmoja pembeni anafumba jicho tu. Mara dalali kapiga kofi, samaki ameshauzwa, anaburutwa, wa pili anaanza. Changu na tasi wao wametungwa mitungo kwa ukili, mtungo mmoja unanunuliwa wote kwa pamoja. Pweza wamelala kwenye karai kubwa. Nguru wanakatwa vipande palepale kwa panga.

Salum: Shikamooni wazee wangu. Mama mkwe shikamoo. Wengine wanashushwa pale diko la Malindi karibu na bandari, alfajiri, na wenye mahoteli huwahi hukohuko. Huku Marikiti, yaani hapa Darajani, ndiko tunakonunua sisi wa majumbani. Siri yake ni kwenda mapema.

Mama: Marahaba mwanangu Salum. Mfundishe mkeo kuchagua, huku Dodoma samaki tumezoea wa bwawani na wa barafu.

Salum: Keshajua Mama. Jicho liwe angavu, limetokeza, lisiwe na ukungu. Matamvua mekundu. Ukimbonyeza kwa kidole nyama irudi. Na harufu iwe ya bahari. Ikiwa kali, muache mwenyewe hapo.

Shangazi Mwanaidi: Huku Msalato nako kumechangamka wallahi. Vumbi, ng'ombe wanalia, moshi wa nyama choma umeshaanza na asubuhi hii. Lakini mnunuzi wa huku hakonyezi, anapiga kelele na dalali anajibu kwa kelele. Nimeshakataa mbuzi wawili. Wa kwanza mgongo unahesabika mifupa, wa pili anakohoa.

Baba Mkubwa: Mwanaidi, angalia meno ya mbele ya chini. Yakiwa yote madogo ya maziwa, huyo bado mtoto. Yakiwa yameota mawili makubwa katikati, mwaka umepita bila shaka.

Shangazi Mwanaidi: Ndivyo ninavyofanya kaka. Wauza mbuzi wameshaanza kuniogopa.

Iddi: 😂😂 Shangazi!

Bibi (sauti, ameiandika Iddi): "Rehema mjukuu wangu, niletee karafuu. Siyo hizi za dukani hapa za pakiti, ukizitia kwenye pilau hazisemi kitu. Nataka zenye vichwa vyake, zisiwe vijiti. Na mdalasini wa magome, na iliki ya kijani. Na pilipili manga nzima, nitaitwanga mwenyewe."

Rehema: Naam Bibi yangu. Niko mbele yake sasa hivi.

Salum: Bibi shikamoo. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka, likaanikwa juani. Kichwa kikipukutika, kilichobaki ni kikonyo tu. Nitaziminya kwa ukucha mbele ya muuzaji, mafuta yakitoka ndizo. Njia nyingine, utie chache kwenye bilauri ya maji: iliyo na mafuta yake huzama au husimama wima. Inayolala juu ya maji imeshachoka.

Baba Mkubwa: Karafuu nyingi zitakuwa za Pemba hizo. Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa mama wa karafuu. Na hapo uliposimama Rehema, zamani maji ya bahari yalikuwa yanaingia, yanatenganisha Mji Mkongwe huku na Ng'ambo kule. Jengo la soko ni la 1904. Nilikuwa nawafundisha watoto darasa la sita mambo haya na sijawahi kufika. Nitazamie paa lake, unipigie picha.

Rehema: Baba Mkubwa, picha nitakupigia nyingi, na safari ijayo twende wote. Paa ni refu, limeinuliwa, hewa inapita. Ila ndani watu ni wengi kuliko nafasi, soko limemwagika mpaka barabarani. Nje kuna machungwa, ndizi za kila aina, mafenesi yaliyopasuliwa, mihogo, majimbi. Mwisho wa wiki ndiyo wenyeji wa mashamba wanashuka mjini, na wageni nao wamejaa, Wazungu kwa Wachina.

Mama Iddi: Rehema mdogo wangu, nisaidie zafarani kidogo, ya maziwa ya mtoto akishaanza kula.

Salum: Shemeji, hiyo usiagize huku. Zafarani haioti Unguja wala Pemba. Zile nyuzi nyekundu wanazouziwa wageni kwa mfuko mzima nyingi ni za ua jingine, linatia rangi tu, halina ile harufu. Zafarani ya kweli ni ghali na huuzwa kidogokidogo, inatoka nje. Tukuletee kungumanga, hizo ni za kwetu kweli, za Unguja hapa.

Mama Iddi: Asante shemeji. Basi kungumanga.

Mjomba Ramadhani: Naona viungo, naona samaki. Zabibu?

Rehema: Mjomba, nimefika. Nisikilize vizuri. Ziko za aina mbili. Kuna zilizotoka nje, zimo kwenye vipakiti vya plastiki, kubwa, zinang'aa, bei yake sitaki hata kuitaja. Na kuna za kwetu Dodoma. Nimemuuliza mama muuzaji akasema "hizi za Dodoma, tamu kuliko hizo, ila huja zimechoka." Na ni kweli zimechoka. Punje zimeachana na vikonyo, za chini zimepondeka, zimetoa maji, nyuki wamezijaa. Anaziuza kwa kilo karibu mara mbili ya bei ya kwetu barabarani, na anasema nusu ya kreti anaitupa. Ndiyo maana akinunua anamkandamiza aliyezileta.

Mjomba Ramadhani: Umesema jambo kubwa. Nusu ya kreti!

Rehema: Nimeumia Mjomba. Nimezionja. Ladha ni ileile, utamu ni uleule wa Hombolo. Zilizoziharibu ni ndoo na magunia.

Mjomba Ramadhani: Watu wanachuma saa sita mchana, jua liko utosini, wanajaza ndoo mpaka juu. Zabibu si embe. Embe utalichuma bichi likaivia njiani. Zabibu ukishaikata haiivi tena, ilivyo ndivyo itakavyokuwa, kuanzia hapo ni kuilinda tu. Ichumwe alfajiri ikiwa na ubaridi, isioshwe, ishikwe kwa kikonyo ule unga wake usifutike, ilazwe tabaka moja kwenye kreti fupi juu ya karatasi. Hayo tumefundishwa miaka, ila dalali akija na ndoo yake nani atamwambia?

Baba Mkubwa: Ramadhani, usiwangoje madalali. Muuzaji ameshapatikana, na mwenyeji tunaye, ni mkweo Salum.

Salum: Mjomba, niko tayari. Nimechukua namba ya huyo mama. Anasema akipata kreti chache zilizo salama, za zabibu za mezani na si za mvinyo, atazipokea kila Ijumaa ili Jumamosi aziuze mbichi kabisa. Ila zisifike na vumbi la shamba, na mjiandae kwa ukaguzi wa mazao bandarini, kwa hiyo mpakiaji aende na karatasi zake.

Mjomba Ramadhani: Ninazo nyeusi za mezani mistari michache upande wa bondeni. Hizo nilikuwa naona kama za watoto kula.

Shangazi Mwanaidi: NIMEMPATA! Dume jeupe lenye baka jeusi shingoni, meno mawili makubwa, manyoya laini, anatembea kifua mbele. Nimelipa na kibali nimechukua. Naye ananitazama kama ananijua.

Iddi: Alhamdulillah! Shangazi, Mungu akuzidishie.

Mama: Alhamdulillah. Mwanaidi usimpandishe bodaboda huyo mnyama, tafuta kirikuu.

Bibi (sauti): "Mbuzi amepatikana, karafuu zimepatikana. Mchele nani?"

Mama Iddi: Mchele upo Bibi, wa Kahama, tumeshauchambua.

Rehema: Mama, nimekuchukulia na papa wa ng'onda. Usijali harufu, Salum amemfunga kwenye ndoo yenye kifuniko, hatutawatesa watu kwenye treni. Na kwa watoto nimechukua ubuyu. Mnaujua ule mwekundu wenye iliki? Nikamwambia kijana anayeuza, mimi natoka Dodoma, mibuyu imetuzunguka. Akacheka, akasema, "Basi dada huu ni wenu, magunia hutoka bara, sisi tunatia sukari na rangi na viungo." Nimenunua ubuyu wetu wenyewe, na bei yake imeota mbawa!

Baba Mkubwa: Hilo nalo ni somo kwa vijana wa kikundi hiki. Iddi, ubuyu wa Kongwa unauzwa kwa debe barabarani. Sukari tunayo, iliki inakuja na Rehema. Mtaji unaanza jikoni kwa mama yako.

Iddi: Nimekusikia Baba Mkubwa. Mama yangu keshaanza kuniuliza sufuria.

(Saa 2 usiku)

Rehema: Tuko Forodhani sasa. Taa zimewaka, majiko ya mkaa yamejipanga ufukweni, watoto wa hapa wanarukia baharini kutoka ukutani na watu wanawashangilia. Nimekunywa juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, nimekula urojo, kachori ndani yake, bajia, mishkaki, mchuzi mzito wa embe. Kwenye samaki wa kuchoma Salum amenikataza kukaa kabla hajauliza bei ya kila kipande, na alipouliza tukahamia meza ya pili.

Mama: Rudi salama. Treni ya saa ngapi?

Rehema: Boti ya kesho asubuhi, mwendo wa kama saa mbili hivi tuko Dar. Halafu treni ya SGR ya mchana. Magharibi nipo Dodoma inshallah.

Mjomba Ramadhani: Nitakupokea stesheni. Salum, nimekaa na vijana wangu jioni hii. Jumatano naenda kuuliza kibali cha mazao na kununua kreti fupi. Alhamisi alfajiri tunachuma, kreti sita tu za kujaribu, basi la usiku mpaka Dar, Ijumaa boti ya kwanza. Mwanangu Athumani atasafiri nazo mwenyewe, hazikai peke yake hata dakika.

Salum: Nitakuwa bandarini Mjomba, na mkokoteni wangu. Mwambie Athumani asikubali kreti kupangwa juu ya kreti bila ubao katikati. Na anipigie boti ikitia nanga.

Mjomba Ramadhani: Namtumia namba yako sasa hivi.